Boya la mtoto linaingia Kasindi kwa jina gani?

Mama mmoja wa Butembo, ambaye bwana yake anachimba dhahabu upande wa Manguredjipa, alituletea kitu ndani ya sasheti nyeusi akatuuliza swali moja tu. Kilikuwa jile ndogo ya rangi ya machungwa, ya mtoto wa miaka mine ao mitano, yenye picha ya samaki kifuani. Alikuwa ameinunua sokoni juu watoto walikuwa wanaenda kumuona tate yao Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard. Muuzaji alimwambia: «Mama, hii ni gilet, ona hata rangi yake.» Nyumbani mtoto mkubwa, anayesoma primeri ya tano, akasoma maandishi madogo yaliyoshonwa ndani. Kwa Kifaransa yalisema kwamba hicho si chombo cha kuokoa maisha, na kwamba mtoto asikitumie pahali miguu yake haigusi chini, wala bila mutu mukubwa kuwa karibu. Mama akatuuliza: «Sasa ni gilet ao si gilet?»

Tulifikiri ni swali la dakika mbili. Tukafuata jile hiyo nyuma, toka sokoni mpaka depo, toka depo mpaka kwa mwenye kuingiza mzigo. Huyu alikubali kutuonyesha karatasi zake kwa sharti jina lake lisiandikwe hapa. Kwenye karatasi za duane kartoni nzima ilikuwa imeandikwa neno moja: jouets, vitu vya kuchezea.

Wengi watasema mara moja: fraude. Sisi pia tulisema hivyo asubuhi ya kwanza. Lakini tulipoketi na deklaran aliyezoea kazi hiyo tulitambua kwamba karatasi ya mpakani ndiyo ilikuwa inasema ukweli, na soko ndilo lilikuwa linasema uongo. Kitu kilivuka kama mchezo, kikalipa ushuru kama mchezo, kisha ndani ya kilometa mia na kitu kikageuka kuwa kitu cha uokozi bila kubadilika hata uzi mmoja. Na mama amelipa bei ya uokozi.

Hapo ndipo tuliona kwamba habari ya namba za duane, ambayo watu wanaona ni kazi ya madeklaran peke yao, inafika mpaka kwenye mwili wa mtoto. Tujaribu kuieleza polepole.

Kitabu cha namba

Kila mali inayovuka mpaka ina namba. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1988 dunia inatumia kitabu kimoja, Système harmonisé kwa Kifaransa, kinachotunzwa na Shirika la Forodha la Dunia lenye makao yake Brussels. Nchi na maeneo zaidi ya 200 yanakifuata. Namba sita za kwanza ni zilezile Kinshasa, Kampala, Dubai na Guangzhou. Nyuma ya hizo kila nchi inaongeza zake. Kitabu kinaanza na wanyama wazima kwenye sura ya 1, kinamalizika na vitu vya sanaa na vya kale kwenye sura ya 97. Dhahabu yenu, ndugu wachimbaji, iko 7108.

Mchimbaji atatuelewa kuliko mutu wa ofisi. Unaleta jiwe lako kwa mnunuzi. Jiwe ni lile lile ulilotoa shimoni usiku. Lakini mwenye mizani na asidi analipa jina: karati hizi, ao karati zile. Bei inafuata jina, haifuati jasho. Kwa duane ni vile vile: mali iko pale, inangojea jina, na jina likisha kuandikwa ushuru unajihesabu wenyewe.

Sasa, kitu cha kumsaidia mtoto kuelea juu ya maji kina milango mingi katika kitabu hicho. Mlango wa kwanza ni 9503, vitu vya kuchezea: maboya ya duara yenye kichwa cha bata, magodoro madogo ya kupuliza, na jamaa zao wote. Wa pili ni 9506, vyombo vya michezo ya mwili, na ndani yake 9506.29 kwa vyombo vingine vya michezo ya majini. Wa tatu ni 6307.20, unaosema waziwazi jile na mikanda ya kuokoa maisha. Huo ni wa vitu vya kitambaa, na jile nyingi za kweli ni kitambaa nje, povu ngumu ndani. Kuna pia nguo za kuogelea zenye vipande vya povu vilivyoshonwa tumboni na mgongoni. Hizo zinaweza kubishaniwa kama nguo, 6112 zikiwa za kufumwa, 6211 zikiwa za kitambaa kingine. Na kuna milango ya mwisho kabisa, 3926 ya plastiki na 4016 ya mpira, ambako mali inaenda ikikosa pengine pote.

Watu wengi wanaanza na huo wa mwisho. Wanashika ile mifuko ya mikono ya kupuliza, brassards, wanasema: ni plastiki, basi andika plastiki. Hiyo ni kosa. Kitabu chenyewe, kwenye maelezo ya sura ya plastiki, ya mpira na ya vitambaa, kinakataza: kitu kilicho cha sura ya 95, yaani mchezo ao chombo cha michezo ya mwili, hakibaki huku, hata kama kimefanywa kwa plastiki mia kwa mia. Kwanza uulize kimefanywa juu ya nini. Kisha ndipo uulize kimefanywa kwa nini.

Na picha ya samaki? Picha haiamui. Rangi ya machungwa pia haiamui. Jile ya kweli inaweza kuchorwa tembo mgongoni, na bata wa plastiki anaweza kupakwa rangi ya Msalaba Mwekundu. Kinachoamua ni kazi ambayo kitu kiliumbwa kuifanya: kuchezea mahali maji ni mafupi, kujifunza kuogelea mwalimu akiwa kando, ao kushika mutu juu ya maji hata akiwa amechoka ao amezimia. Kazi hizo tatu si kazi moja.

Wanaofikiri mabishano haya ni ya nchi maskini peke yake wanajidanganya. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani ilikaa kuamua kama nyanya ni tunda ao mboga, juu mboga ilikuwa inalipa ushuru na tunda halilipi. Majaji walikubali kwamba kwa mti wake nyanya ni tunda, kisha wakasema watu wanaila pamoja na nyama, haiji mwishoni kama utamu. Basi ni mboga, ilipe. Miaka 110 baadaye, 2003, mahakama ya biashara ya hukohuko iliulizwa kama sanamu ndogo za X-Men, wale watu wa sinema wenye nguvu za ajabu, ni wanasesere ao ni vitu vya kuchezea tu. Mwanasesere alikuwa analipa asilimia 12, kitu cha kuchezea 6.8. Mwanasesere ni sanamu ya mutu. Kampuni ikasimama mbele ya jaji kueleza kwamba wale si watu. Ikashinda.

Ushuru wenyewe

Kwetu tarife ya kuingiza mali iliwekwa na ordonnance-loi n° 011/2012 ya tarehe 21 mwezi wa 9, 2012. Ina madaraja matatu: asilimia 5, 10 na 20. Kwa kusema kwa ujumla, 5 ni ya mashine na vitu vya kufanyia kazi. 10 ni ya vyakula vya watu wote, vipuri, na vitu vya faida ya jamii kama vya hospitali. 20 ni ya vitu vilivyokwisha kutengenezwa, vya matumizi ya nyumbani na starehe. Juu ya hiyo inakuja TVA ya 16, tangu mwezi wa kwanza 2012.

Tuchukue mzigo wa dola 100, usafiri na bima ndani yake. Kwa daraja la 20: ushuru dola 20, TVA inahesabiwa juu ya 120, ni dola 19.20, jumla 39.20. Kwa daraja la 5: ushuru dola 5, TVA juu ya 105 ni 16.80, jumla 21.80. Malipo ya huduma zingine tunaacha pembeni, juu hayo hayatofautishi sana mchezo na uokozi. Tofauti ni dola 17.40 kwa kila mia. Kwa jile iliyofika mpakani na bei ya dola 10, ni dola moja na senti 74, kabla muuzaji wa depo na wa soko kuongeza faida zao juu yake.

Mama mwenye watoto watano anajua senti hizo ni nini. Lakini kwa maoni yetu ushuru si sehemu nzito ya habari hii. Sehemu nzito ni kwamba mwenye kuingiza mali hana sababu hata moja ya kuleta jile ya kweli. Ya kweli ni nzito, inajaza kontena haraka juu povu haikunjiki, bei yake Guangzhou ni kubwa. Ya mchezo inakunjwa kama soksi. Sokoni Butembo zote mbili zinaitwa gilet, na mnunuzi anachagua ya bei ndogo. Namna hii ya mchezo inafukuza ya kweli, kama vile dhahabu ya kuchanganywa inavyoharibia soko mwenye dhahabu safi.

Ngambo ya mto Lubiriha, dakika tano kwa miguu, mambo yanawazwa vingine. Sheria ya TVA ya Uganda inataja jile za kuokoa maisha kati ya mali ambazo hazilipishwi kodi hiyo, pamoja na vyombo vingine vya uokozi. Wabunge wa Kampala wana ziwa Victoria, Albert, Edouard, George na Kyoga, labda ndiyo maana. Lakini tazameni sharti lililo ndani ya zawadi kama hiyo: ili isamehewe, jile inapaswa kuwa jile. Boya la bata halisamehewi. Basi mwenye mali pale ana faida ya kuandika jina la kweli na kuleta kitu cha kweli. Msamaha unalazimisha watu kutofautisha.

Hapa tuonye wamama wanaofanya biashara ndogo ya kuvuka. Wengine wanafikiri mali waliyonunua Mpondwe ao Kampala inaingia kwa njia nyepesi ya COMESA, juu imetoka Uganda. Hapana. Njia ile ni ya mali iliyozaliwa ndani ya nchi za COMESA. Boya la China lililonunuliwa Mpondwe linabaki la China, hata likilala Kampala mwaka mzima. Na kuingia kwetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwezi wa 4, 2022, bado hakujabadilisha tarife tunayolipa Kasindi. Siku tutakapochukua tarife ya jumuiya, yenye madaraja ya 0, 10, 25 na 35, mabishano haya yatarudi na nguvu, maana kutoka 0 mpaka 25 ni mbali kuliko kutoka 5 mpaka 20.

Desturi ya kontena

Kwa nini watu wetu hawakuzoea kuuliza namba? Tukubali kusema historia, hata kama inauma wengine ambao bado tunasalimiana nao kanisani. Wakati wa vita, miaka ya kwanza ya 2000, RCD-K/ML ikiwa inashika Beni na Butembo, wafanyabiashara wakubwa walikuwa wanatoa feza mbele kwa utawala ule, kisha mizigo yao inapita Kasindi kwa ushuru wa kupunguzwa. Ile iliitwa préfinancement. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandika kwenye raporo zao. Feza zile ziliwalipa maaskari, na wengine watasema pia zilisaidia mji usimame wakati serikali haikuwepo. Hatuingii hapo leo. Tunachosema ni kwamba ndani ya mpango kama ule hakuna mutu anauliza kilicho ndani ya kontena. Swali ni moja: kontena inalipa ngapi?

Kisha OFIDA ilikufa, DGDA ikazaliwa mwaka 2009. Code des douanes ikaja tarehe 20 mwezi wa 8, 2010. Kompyuta zikaletwa na programu ya Sydonia. Leo kila mstari wa deklarasio unadai namba yake. Lakini kwa midomo yetu swali ni lilelile la zamani. Ukienda kwa depo yoyote uulize ushuru wa mali fulani, watakujibu kwa kontena.

Na wakati huu uzito wa Kasindi umezidi. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa 6, 2022. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Utawala wa jimbo ulihamia Beni. Kwa upande wa serikali, Kasindi ndio mlango mkubwa uliobaki Kivu Kaskazini, na kutoka pale ni kilometa 80 mpaka Beni, kisha 54 mpaka Butembo. Mlango mmoja unabeba kazi ya mitatu. Mahali kama pale, mwenye kukagua anaangalia kwanza mali yenye ushuru mkubwa: mafuta, sigara, pikipiki, vitambaa. Kartoni la maboya ya watoto litapita na neno lolote lililoandikwa juu yake. Hatumlaumu. Lakini tunajua nini kinafuata.

Kinachofuata ni kwamba OCC, ambao kazi yao ni kupima ubora wa mali, wanafuata karatasi. Karatasi ikisema jouet, wanaangalia jouet: rangi isiwe na sumu, kipande kidogo kisimkabe mtoto. Hakuna atakayeitia majini kuona kama inashika kichwa cha mtoto juu. Na hawana kosa. Mchezo haukuahidi kushika kichwa cha mutu. Kupima kukishapita, mali inaenda sokoni, na sokoni hakuna tena anayesoma karatasi. Tunataka neno lililo kwenye deklarasio lifuate mali mpaka kwenye meza ya muuzaji. Mpimaji akimaliza kazi yake mpakani, wa soko aanze yake: kilichoingia kama mchezo kisiuzwe kama gilet. Hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji mutu mmoja wa huduma ya uchumi kutembea sokoni na kopi ya deklarasio mkononi.

Ziwa halingojei

Mwezi wa 4, 2019, mashua ilizama kwenye ziwa Kivu upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais Tshisekedi alikuja mwenyewe, akaamuru kwamba kila abiria avae jile. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, merikebu Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi juu vita vilikuwa vimekata barabara, ilipinduka ikiwa karibu kufika Kituku, Goma. Watu waliokuwa ufuoni waliona kwa macho yao. Kati ya amri ya kwanza na maji ya pili kulikuwa na miaka mitano na nusu.

Amri inasema avae. Haisemi anunue wapi, kwa bei gani, wala ya mtoto ni ya namna gani. Ukiamuru watu wavae kitu ambacho soko halina, soko litawapa kinachofanana nacho. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu karibu 300,000 waliokufa maji duniani mwaka 2021, na karibu mmoja kati ya wane alikuwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 5. Ndiye huyo wa kuvalishwa jile yenye samaki.

Kwa familia za wachimbaji tuongeze neno. Kwenye makare mengi mashimo yaliyoachwa yanajaa maji ya mvua, na watoto wa kambi wanaoga mle. Hapo hakuna jile wala boya litakalosaidia. Shimo linapaswa kufunikwa ao kuzungushiwa miti, na hiyo ni kazi ya PDG wa shimo, si ya duane. Tunasema hivi ili mutu asifikiri kwamba akimnunulia mtoto brassards amemaliza kazi.

Na habari hii ya jina inawagusa ninyi wenyewe kichwani. Kaske ya usalama ina namba yake, 6506.10. Kaske ya njano ya mtoto anayejifanya fundi inaenda 9503, pamoja na bata wetu. Zimening'inizwa kwenye kamba moja sokoni. Taa ya kichwa inaingia 8513, motopompe 8413, mabote ya mpira yasiyopitisha maji 6401. Ukinunua kaske, ibonyeze kwa vidole viwili: ikikunjika, ujue ilivuka mpaka kama mchezo, hata kama uliilipa kama ulinzi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya mashariki inatoka kwa magendo, na kwamba feza yake inarudi mara nyingi katika sura ya mali. Yaani kontena hizo, kwa njia moja ao nyingine, mumezilipa ninyi. Mna haki ya kujua zimebeba nini.

Maoni yetu juu ya namba yenyewe ni haya. Jile ya kweli ya mtoto, ya kitambaa na povu, inayoweza kumgeuza uso juu akizimia, iandikwe 6307.20, ilipe daraja la 5 na isamehewe TVA kama Uganda. Vyombo vya kujifunzia kuogelea vibaki 9506. Maboya ya bata yabaki 9503 na yalipe 20 bila kulia. Wengine watatuambia kwamba kila mutu ataanza kuandika 6307.20 juu ya bata wake ili alipe kidogo. Ni kweli, watajaribu. Lakini akiandika hivyo, ndipo OCC wanapata haki ya kumwambia: vizuri, lete tupime kama inaokoa. Leo hakuna anayeweza kumwambia hivyo.

Wakati tunangoja Kinshasa, mnunuzi anaweza kusoma. Ndani ya kola ao nyuma kuna alama. Ukiona EN 71, hiyo ni kanuni ya Ulaya ya vitu vya kuchezea: maji mafupi, mutu mukubwa kando. EN 13138 ni ya vyombo vya kujifunzia kuogelea; navyo haviokoi. ISO 12402 ndiyo ya jile, na mbele yake kutakuwa daraja 50, 100, 150 ao 275. Ni newton. Kila newton 10 ni sawa na nguvu ya kuinua karibu kilo moja. Daraja la 50 ni la mutu anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuo. Kwa asiyejua, anza 100. Kwa mtoto tazama pia kilo zilizoandikwa, maana jile ya mutu wa kilo 40 inamtoka mtoto wa kilo 15 kupitia kichwani, na awe na mkanda unaopita kati ya miguu. Ukikuta hakuna alama yoyote, soma bei kama bei ya mchezo.

Tukubali pia jambo moja ambalo deklaran wetu alilisema akicheka. Watoto wengi wa Kasindi na Kyavinyonge hawajawahi kuvaa chochote kati ya hivi. Wanaelea na mpira wa ndani wa tairi ya kamio, chambre à air iliyozibwa mara kumi, ao na bidoni tupu la lita 20 lililofungwa kamba. Mpira ule uliingia kwa namba 4013, vipuri vya gari. Unainua uzito kuliko jile yetu ya samaki, ila mtoto anapaswa kuushika mwenyewe, na mikono ikichoka umekwisha.

Jile ya mama tuliisoma pamoja naye. Alama ilikuwa EN 71. Alirudi sokoni, muuzaji alikataa kurudisha feza, akakubali kuibadilisha kwa sahani za plastiki. Watoto walienda Kyavinyonge siku ya jumamosi. Waliogea kando kabisa, pahali wanawake wanafulia, tate yao akiwa amesimama upande wa ziwa, maji mpaka magotini, fimbo mkononi juu ya viboko.